Yai Ndani ya Andazi

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya mwaka juzi tu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa tatu kamili asubuhi, muuguzi mmoja alifungua kichupa cha chanjo ya homa ya manjano. Kichupa kilikuwa na dozi kumi. Waliokuja kuchanjwa walikuwa watu kumi.

Shikeni sheria za kichupa hicho, maana hadithi yote imekaa humo. Dawa ile ikishachanganywa huishi saa sita. Zikipita, humwagwa, hata kama kuna mtu amesimama mlangoni. Na aliyechanjwa leo, kadi yake ya njano huanza kukubalika baada ya siku kumi. Kabla ya hapo, mpakani ni karatasi tu. Kichupa kingine kilitarajiwa baada ya wiki mbili.

Kumi hao walikuwa wasichana tisa wa timu ya mpira wa pete, kutoka shule moja ya bweni katika vilima vya kaskazini magharibi, pamoja na mwalimu wao wa michezo, Kamuhabwa. Walikuwa wamealikwa kwenye mashindano ya shule huko Kampala. Wangevuka mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Hesabu siku: kumi barabara. Hapakuwa na siku ya akiba.

Muuguzi aliitwa Sista Leokadia, mtu wa Mahenge, aliyehamishiwa kituo kile cha afya mwaka mmoja kabla. Alimuuliza kila msichana maswali matatu. Una homa? Una ujauzito? Ukila yai unadhurika? Hilo la tatu aliliuliza kwa sababu chanjo ile hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na mtu ambaye yai humdhuru, sindano nayo yaweza kumdhuru.

Wa kwanza alijibu hapana, hapana, hapana. Wa pili akajibu hapana, hapana, hapana. Ikawa hivyo hadi wa nane. Wa tisa alikuwa Alinda, wa kidato cha tatu, mfungaji wa timu.

"Una homa?"

"Hapana."

"Una ujauzito?"

"Hapana."

"Ukila yai unadhurika?"

"Sijui, Sista. Sijala."

"Hujala leo?"

"Sijala kabisa. Kwetu yai ni mwiko wa ukoo."

Jenesta, mlinzi wa timu, alimvuta sketi kwa nyuma. "Sema hapana, wewe. Unataka nani afunge? Mimi?"

"Nitasemaje hapana na sijui?"

Sista Leokadia akaiweka sindano chini. Akaomba namba ya mzazi. Alinda hakuwa na mzazi hai. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Nyamwiza. Mwalimu akapiga simu, akaeleza habari ya chanjo, akaweka sauti kubwa.

"Bibi, huo mwiko ulitoka wapi?" Sista akauliza.

"Ulitoka kwenye kaburi, mwanangu," Bibi akasema. "Nilikuwa bi harusi wa miezi minne. Wifi yangu mdogo, mtoto wa miaka sita, alipewa yai na wenzake machungani. Midomo ikavimba, koo likafunga. Tulikuwa bado tunatafuta machela. Baba mkwe akasema, yai lisipite tena mdomoni mwa mtoto wa nyumba hii. Halijapita."

"Bibi, hicho ndicho ninachokiogopa. Ugonjwa wa namna hiyo hutembea katika damu."

"Kwa hiyo haendi?"

"Sijasema haendi. Nimesema sijui."

"Basi nakuja," Bibi akasema, na simu ikakatika.

Sista alimchanja mwalimu. Tisa walikuwa wamechanjwa. Mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi. Dozi moja ikarudi kwenye kisanduku cha baridi. Sista akamwambia mwalimu, "Nenda shuleni. Uliza kama amewahi kula yai huko, na kama alipatwa na lolote. Nipe mtu aliyeona kwa macho yake. Saa tisa ninaimwaga."

Basi sasa twende jikoni.

Mpishi wa shule aliitwa Mama Projestus. Alikuwa amepika pale miaka kumi na tisa. Alikuwa na wanafunzi mia nne na kumi, na katika hao kumi na wawili walikuwa na neno. Huyu samaki humtoa vipele. Yule ana vidonda vya tumbo, asipewe pilipili. Mwingine hula saa za dawa. Maneno hayo hayakuwa kwenye daftari lolote. Wazazi waliyaleta wenyewe, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, wakapita ofisi ya mkuu wa shule bila kuingia, wakaja moja kwa moja jikoni. Ndivyo watu wa vilima vile walivyozoea: mtoto huandikishwa ofisini, lakini hukabidhiwa jikoni.

Bibi Nyamwiza naye alikuja hivyo, Alinda alipoingia kidato cha kwanza. Alisema, "Nakukabidhi mtoto. Yai lisipite mdomoni mwake." Mama Projestus alisema, "Halitapita." Bibi hakueleza sababu, na Mama Projestus hakuuliza. Mwiko wa watu hauulizwi.

Saa tano na nusu mwalimu Kamuhabwa alishuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama Projestus, swali moja tu. Alinda amewahi kula yai hapa?"

"Yai la kuchemsha? Hapana. Siku ya Pasaka, lake humpa Jenesta."

"Una hakika?"

"Nawagawia mwenyewe, Mwalimu."

Mwalimu akapangusa uso. "Basi amekwisha. Tutakwenda bila mfungaji." Akamweleza yote: kichupa, saa tisa, mtoto wa miaka sita aliyevimba koo. Akaingia ofisini kutoa taarifa.

Mama Projestus alibaki na upawa mkononi. Alichosema kilikuwa kweli. Yai la kuchemsha Alinda hakuwahi kula. Lakini kila Jumapili asubuhi shule ile ilikula maandazi, na maandazi ya Mama Projestus yalisifiwa hadi shule za jirani. Wengine hukanda unga kwa maji na sukari. Yeye alivunja humo trei moja la mayai.

Jumapili ya kwanza ya Alinda pale shuleni, alimkandia donge lake pembeni, lisilo na yai. Jumapili ya pili akafanya hivyo tena. Jumapili ya tatu aliamka na malaria, akakanda donge moja la wote, akakumbuka wakati sinia zimeshatoka. Alisimama dirishani akimtazama yule mtoto akila. Hakuna kilichotokea. Jumapili ya nne hakutenga donge. Alijiambia kuwa yai likishaingia kwenye unga si yai tena. Alijiambia hivyo hadi mwaka huu wa tatu, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa hakumwambia mtu.

Sasa alijua sababu ya mwiko. Alikaa juu ya gunia la maharage. Jumapili zote zile alikuwa akimtegea mtoto wa watu, na hakujua.

Akapima. Akinyamaza, Alinda atakosa safari, na mwakani atacheza tena. Hakuna atakayekufa kwa kukosa mpira. Akisema, watu watajua kwamba neno lililoachwa jikoni kwake halikukaa. Wazazi wa wale kumi na mmoja wengine watajua. Atakuwa mpishi tu.

Akapima tena. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyeona kwa macho yake kwamba yai halimdhuru Alinda, naye ameketi juu ya gunia.

Saa saba na robo alipunguza kuni chini ya sufuria, akavua aproni, akashika njia ya kituo cha afya kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa umri wake. Alifika saa tisa kasoro dakika kumi na sita. Bibi Nyamwiza alikuwa amefika, amekaa benchi moja na mjukuu wake. Mwalimu Kamuhabwa alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Sista Leokadia alikuwa na kisanduku cha baridi mezani na macho kwenye saa ya ukutani.

Mama Projestus hakusalimia. Alijua akianza salamu hatafika.

"Amekula," akasema. "Kila Jumapili. Mayai yamo kwenye maandazi."

Sista akauliza, kama mtu anayejaza fomu: "Kwa muda gani?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

"Anakula mangapi?"

"Manne. Yakibaki, la tano."

"Umewahi kumwona akivimba? Kujikuna? Kutapika? Kukosa pumzi?"

"Hapana. Akimaliza huenda uwanjani."

Sista akamgeukia Bibi. "Bibi, mlezi wa kisheria hapa ni wewe. Kwa haya niliyoyasikia, naweza kumchanja. Nitamkalisha hapa saa nzima, na dawa ya kumwokoa iko mkononi mwangu. Lakini siwezi bila wewe kukubali. Zimebaki dakika kumi na mbili."

Bibi Nyamwiza hakuwa akimtazama Sista. Alikuwa akimtazama Mama Projestus.

"Nilikukabidhi," akasema.

"Ulinikabidhi, mama."

"Ukasema halitapita."

"Nilisema."

Bibi akaitazama saa ya ukutani. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Unataka kwenda?"

"Nataka, Bibi."

"Kuliko mwiko?"

Alinda akatazama sakafu. Bibi akanyoosha kidole gumba. Mwalimu akasogeza kidau cha wino, na Bibi akabonyeza kidole kwenye fomu. Saa tisa kasoro dakika tano, dozi ya kumi iliingia kwenye mkono wa kushoto wa Alinda.

Wakakaa saa nzima wakimtazama, kama watu wanaotazama maziwa yasichemke yakamwagika. Mkono haukuvimba. Midomo haikuvimba. Koo halikufunga. Ila mdomo wa Bibi ulifunguka.

"Safari bado," akasema. "Mwiko umevunjwa. Kwa nyumba yetu, aliyevunja mwiko huleta kondoo kwa mkubwa wa ukoo, akasema kwa kinywa chake, ni mimi niliyevunja. Kondoo ni mmoja, na mwenye kumleta ni mmoja. Hachangiwi. Na akiletwa na asiye mwenyewe, hiyo ni nyama tu. Bila kondoo wa kweli, mtoto huyu havuki mpaka. Kadi mnaweza kubaki nayo."

"Nitamleta mimi," Mama Projestus akasema kabla hajamaliza. "Mimi ndiye niliyelivunja yai likamwagikia kwenye unga. Siku ile ya malaria nilisahau; hilo Mungu ananijua. Lakini Jumapili ya nne sikusahau. Nilijua, nikakanda. Niliahidi nikavunja ahadi. Mwiko uliwekwa mikononi mwangu na ulivunjikia mikononi mwangu. Ni mimi."

"Subiri, Mama," Sista Leokadia akasema. "Wewe ulitia yai kwenye unga, ukajiambia si yai. Mimi sikujiambia hivyo. Nilijua chanjo imetoka ndani ya yai. Nilijua kwao ni mwiko. Nilijua mtoto alishakufa katika nyumba hiyo. Nikaichukua sindano nikamwingizia, nimefumbua macho. Wewe ulilipitisha mdomoni. Mimi nimelipitisha kwenye damu. Kama kuna aliyevunja akijua anavunja nini, ni mimi."

"Wewe ni mgeni," Bibi akamwambia. "Mwiko wa huku haukuhusu."

"Bibi, mkono uliochoma ni wangu. Haukuwa mgeni kwenye bega la mjukuu wako."

Mwalimu akacheka kidogo, akaacha.

"Na mimi je?" Bibi Nyamwiza akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mnagombea kondoo kama mnagombea shamba. Huyu alikuwa hajui sababu ya mwiko. Kwa nini hakujua? Kwa sababu sikumwambia. Niliona haya kumtaja marehemu jikoni kwa watu. Nilimpa neno tupu, lisilo na mzigo ndani, na neno tupu hupeperuka. Ningemwambia mtoto alikufa, asingethubutu. Na huyu wa pili hakuchoma mpaka nilipobonyeza kidole. Mwiko una mlinzi, na mlinzi ni mimi. Nimeufungua mwenyewe, mchana, mbele ya mashahidi. Ni mimi."

Hapo Alinda alisimama. Alikuwa ameshika bega lake.

"Bibi, kaa hivyo hivyo, usiniangalie. Ukiniangalia sitasema."

Bibi akatazama ukuta.

"Nilikuwa najua. Kidato cha pili nilikuwa zamu ya kumwaga majivu. Jumamosi jioni nikaona maganda ya mayai shimoni, mengi, trei zima. Nikajua yanakwenda wapi. Jumapili asubuhi nikalishika andazi. Nikalinusa. Halafu nikalila. Lilikuwa tamu, Bibi, na wenzangu wote walikuwa wanakula. Tangu siku hiyo nakula nikijua. Mama Projestus anafikiri alinilisha. Hakunilisha. Mdomo ni wangu, niliufungua mwenyewe. Ni mimi."

Sista Leokadia alikuwa wa kwanza kusema, na alisema polepole. "Asubuhi nilikuuliza. Ulinitazama ukasema hujala."

"Ndiyo, Sista."

"Ungesema neno moja ungekuwa umechanjwa saa tatu na nusu."

"Na Bibi angejua saa tatu na nusu."

"Kwa hiyo ungekubali kuikosa Kampala?"

"Ningekubali. Kampala nitaiona siku nyingine. Bibi ninaye mmoja."

"Umemwacha mama wa watu akatembea saa moja na nusu kuja kujiaibisha," mwalimu akasema.

Alinda akamtazama Mama Projestus. "Sikujua atakuja, Mwalimu. Nilifikiri atanyamaza kama mimi."

Mama Projestus alitaka kusema amemsamehe. Kisha akaona kwamba hajui nani kati yao ana haki ya kumsamehe mwenzake. Njiani kurudi alikaa nyuma ya pikipiki ya mwalimu, na maharage aliyakuta yameungua chini.

Siku zikapita. Ijumaa, bega la Alinda lilikuwa limepona, na alifunga mabao ishirini na mawili kwenye mazoezi. Jumapili, Mama Projestus alikanda madonge mawili, moja lenye mayai na moja lisilo nayo, akayaweka maandazi yake kwenye sinia mbili, akasimama mlangoni mwa bwalo na kutangaza ipi ni ipi. Hakumtazama mtu. Alinda alichukua andazi la sinia ya pili, lisilo na yai. Jenesta alichukua la sinia ya kwanza, na la ya pili pia.

Mkubwa wa ukoo aliyebaki hai alikuwa Shangazi Kokugonza, dada wa yule mtoto aliyekufa. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alisikia kwa sikio moja tu. Jumatano saa nane mchana, siku moja kabla ya safari, aliambiwa kuna watu uani. Akatoka na fimbo yake.

Uani palikuwa na kondoo wanne.

Wa kwanza alishikwa na Mama Projestus. Alikuwa amemtoa kwenye zizi la nyumbani kwake, wa pekee aliyekuwa naye. Wa pili alishikwa na Sista Leokadia, aliyekuwa hajui kumshika kondoo, na kamba ilikuwa imemzunguka miguu. Wa tatu alishikwa na Bibi Nyamwiza. Wa nne alishikwa na Alinda. Huyo alikuwa mwanakondoo ambaye Alinda alipewa na Bibi siku alipofaulu darasa la saba, akamlea, sasa ni jike kubwa lenye mimba.

"Mmekuja kutubu au mmekuja mnadani?" Shangazi akauliza.

"Kutubu," wote wanne wakasema.

"Semeni kwenye sikio hili. Mmoja mmoja."

Mama Projestus akasema, niliahidi, nikavunja ahadi nikijua. Sista Leokadia naye akasema, nilijua lote kuliko wote, nikachoma. Bibi Nyamwiza naye akasema, nilikuwa mlinzi, nikaficha sababu, kisha nikafungua mlango. Alinda naye akasema, nilikula nikijua, nikanyamaza, na wenzangu wakabeba.

Shangazi Kokugonza aliketi kwenye kizingiti. Aliuliza maswali mawili tu. Alimuuliza Mama Projestus, "Siku ulipokwenda kituo cha afya, kuna aliyekutuma?" Mama Projestus akasema, "Hapana." Alimuuliza Alinda, "Yule mama asingetokea, ungesema?" Alinda akasema, "Sijui, Shangazi. Safari hii sijui kweli."

Shangazi akainuka. Akaenda kwa kondoo mmoja, akaishika kamba, akamwingiza ndani. Watatu wengine akaamuru warudishwe walikotoka kabla ya jua kuzama.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, wasichana tisa na mwalimu wao walifika mpakani. Kadi kumi za njano zilikaguliwa, na zote kumi zikakubaliwa. Watu kumi walivuka.

Hayo ndiyo yaliyoonekana. Kamba ipi Shangazi aliishika, mimi sitasema, na nyinyi ndio mnaokaa kwenye kizingiti sasa. Kondoo ni mmoja, hachangiwi, na akiletwa na asiye mwenyewe ni nyama tu. Mpishi, muuguzi, bibi, mjukuu: je, nani alistahili kumleta?